Kibali, Ridhaa na Udhuru: Historia ya Maneno ya Ujenzi katika Shinyanga na Geita

Mwananchi anayetaka kuongeza chumba kimoja nyuma ya nyumba yake mjini Shinyanga, Kahama au Geita hukutana na maneno mengi kabla hajakutana na fundi. Huulizwa habari za kiwanja, ramani, mchoro, matumizi, hati na kibali. Maneno hayo yote ni ya Kiswahili, au yamekwisha kuwa ya Kiswahili, na mwenye kuulizwa hudhani anayafahamu. Lakini kila neno lina historia yake, na baadhi yao yamebebeshwa maana mbili au tatu ambazo sheria huzitenganisha. Palipo na neno moja kwa mambo matatu, anayejua tofauti ni karani peke yake, na anayeumia ni yule asiyejua aombe lipi.

Makala haya yanakusudia kueleza maneno hayo yalitoka wapi, na kuonyesha kwamba miongoni mwao kuna moja linalokosekana: neno la idhini ambayo mamlaka humpa mtu ili asifuate kanuni fulani ya ujenzi katika kiwanja chake, bila ya kanuni yenyewe kubadilishwa. Tumechagua Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita kwa kuwa huko desturi ya kaya, mji wa kikoloni, kijiji kilichopangwa na mgodi vimekutana katika ardhi moja, na kila kimoja kimeacha maneno yake.

Suala hili limezidi uzito tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kabla ya hapo mfasiri aliweza kuikwepa istilahi ngumu kwa kumrudisha msomaji kwenye matini ya Kiingereza. Njia hiyo sasa inazibika.

Kaya, ikulu na ngitili

Neno kaya lajulikana katika lugha nyingi za Kibantu, tangu kwa Wamijikenda wa Pwani hadi bara. Kwa Wasukuma, kaya ni makao yote ya jamaa: nyumba za wakubwa na wadogo, maghala na zizi la ng'ombe. Katika maana hiyo, kuongeza nyumba si kubadili kitu. Kaya hukua kadiri watu wanavyoongezeka. Mwana akioa hujenga, na hakuna anayesema kwamba kaya imegeuka kuwa kaya nyingine. Kiswahili cha ofisini kimelitwaa neno hili kwa maana ya watu wanaokula pamoja, kama itumikavyo katika sensa. Hivyo neno lililotaja mahali na watu kwa pamoja limebaki na watu tu, na mahali pakatafutiwa neno jingine, yaani kiwanja.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kabla ya ukoloni ardhi ya Usukuma haikuwa na kanuni. Neno ngitili lathibitisha kinyume chake. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vipate kuota, kisha hufunguliwa kiangazi mifugo inapokosa chakula. Baraza la jadi liitwalo dagashida lilitunga kanuni zake na kuamua adhabu ya mwenye kuzivunja. Hayo ni matumizi ya ardhi yaliyopangwa, yenye mipaka, majira na chombo cha kusikiliza mashauri. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi HASHI, ulipoanza mwaka 1986, haukubuni istilahi mpya bali ulilichukua neno la wenyeji, na kufikia miaka ya 2000 ngitili zilizohuishwa zilizidi hekta 300,000. Leo neno hilo huandikwa katika taarifa za misitu bila ya kufasiriwa.

Wala si neno la kwanza kutoka pande hizo kuingia katika dola. Ikulu, makao ya rais wa Tanzania, ni neno lililotumiwa Unyamwezi na Usukuma kwa makao ya mtemi. Lugha za bara, basi, zimekwisha kukipa Kiswahili jina la nyumba kubwa kuliko zote nchini. Yafaa tukumbuke hivyo kila tunapoambiwa kwamba mambo ya upangaji ni mageni kwetu na lazima yaje na majina ya kigeni.

Mji na kampuni

Kanuni za ujenzi zilizoandikwa zililetwa na wakoloni. Mwaka 1891 serikali ya Kijerumani iliweka amri ya ujenzi mjini Dar es Salaam, ikitenga sehemu za mji kwa namna ya majengo. Waingereza waliendeleza mtindo huo. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, nao walikatazwa kubagua kwa rangi waziwazi, kanuni zao hazikutaja rangi ya mkaaji bali aina ya jengo: hapa majengo ya namna ya Kizungu, pale ya biashara na makazi, kule ya wenyeji. Lugha ya sheria ilisema nyumba, na kusudi lake lilikuwa watu.

Wananchi hawakudanganyika. Wao waliziita sehemu hizo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, wakatamka kwa maneno matatu kile ambacho kanuni ilikificha kwa kurasa nyingi. Baada ya uhuru majina ya rangi yaliondolewa katika hati, yakaja maeneo ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Hata hivyo neno uswahilini halijafa, kwa sababu tofauti ya ukubwa wa viwanja na ya huduma haikufutwa kwa kubadilisha jina. Hapa pana funzo kwa wasanifu wa istilahi: neno jipya likiwekwa juu ya hali ya zamani, watu huendelea kusema lile la zamani.

Shinyanga, mji wa kando ya reli iliyotoka Tabora na kufika Mwanza mwaka 1928, iliingia katika mfumo huo kama miji mingine. Lakini mikoa hii ilikuwa na namna nyingine tena ya makazi, yaani mji wa kampuni. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940, na mji mzima ukajengwa ndani ya uzio. Katika mji wa namna hiyo mfanyakazi hana kiwanja. Ana nyumba ya kampuni, na nyumba hufuata kazi. Suala la kuongeza chumba halizuki, kwani asiye na kiwanja hana cha kuombea kibali. Neno kota, ambalo Kiswahili kimelipokea kwa nyumba za waajiriwa, limebeba maana hiyo mpaka leo: makao ambayo mkaaji hana haki ya kuyagusa.

Kijiji kilichopangwa

Mnamo Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha mwishoni mwa 1976. Katika mkoa wa Shinyanga, kama kwingineko Usukumani, kaya zilizokuwa zimetawanyika zilihamishwa zikapangwa kwa safu. Operesheni hiyo iliziingiza nyumba za watu wengi wa vijijini katika mpango kwa mara ya kwanza. Kaya iliyokua kwa kuongeza nyumba ilijikuta ndani ya mstari, na mstari haukui. Familia nyingi baadaye zilirudi kwenye mashamba na makao yao ya awali, na baadhi zikakuta wengine wamekwisha kuyatwaa. Migogoro iliyofuata ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa wakati wa kuandaliwa kwa sera ya ardhi ya mwaka 1995 na sheria zake.

Sheria hizo mbili za mwaka 1999, Na. 4 ya Ardhi na Na. 5 ya Ardhi ya Vijiji, zilikileta Kiswahili mbele. Hakimiliki ya kimila, cheti cha ardhi ya kijiji, baraza la ardhi la kijiji na leseni ya makazi ni istilahi zilizofika hadi kwa mwananchi wa kawaida. Zilifika kwa sababu zilitengana: kila moja ilitaja jambo lake, na mwenye kuitaja alijua anaomba nini na kwa nani. Istilahi za ujenzi hazikupata bahati hiyo.

Kibali kimoja, mambo matatu

Chukua kwanza neno ramani. Ofisini mna mchoro wa mipango miji, unaogawa eneo kwa matumizi yake. Mna ramani ya upimaji, inayoonyesha mipaka ya kila kiwanja na bikoni zake. Tena mna ramani ya nyumba, inayochorwa na msanifu majengo. Mwananchi huziita zote ramani. Akiambiwa, "Ramani yako haifai," aweza kwenda kumtafuta msanifu na kumlipa upya, hali ya kuwa kasoro iko katika mpaka wa kiwanja.

Neno kibali lina taabu kubwa zaidi. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inamtaka mtu apate kwanza idhini ya mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza ardhi. Katika matumizi ya kila siku kibali hutumika kwa mambo matatu. La kwanza ni kibali cha ujenzi, kwa jengo linalofuata kanuni zote. La pili ni kibali cha kubadili matumizi ya ardhi, kwa mfano kutoka makazi kuwa makazi na biashara. Hapo tangazo hutolewa na majirani hupewa nafasi ya kupinga. La tatu ni lile la mtu ambaye hataki kubadili matumizi wala hawezi kufuata kanuni yote. Kiwanja chake kimekatwa na korongo, au mwamba umekaa katikati, na chumba hakiwezi kujengwa ila karibu na mpaka kuliko inavyoruhusiwa. Huyu naye huambiwa aombe kibali. Lakini kipi? Kile cha kwanza hakimfai, maana hajatimiza masharti yake. Cha pili hakimhusu. Cha tatu hakina jina.

Upungufu huu una sababu ya kihistoria. Nchini Marekani, mji wa New York ulipotunga kanuni zake za kugawa maeneo kwa matumizi mwaka 1916, uliweka pamoja nazo baraza la rufaa lenye uwezo wa kulegeza kanuni pale zinapoleta dhiki isiyo ya lazima. Kanuni ilikuwa ngumu, hivyo njia ya kutokea ililazimu kuandikwa na kupewa jina. Uingereza ilishika njia nyingine. Kwa sheria yake ya mwaka 1947 karibu kila uendelezaji ulihitaji ruhusa, na ofisi ilikuwa na hiari ya kutoa au kukataa. Hali ya pekee ya kiwanja ilikuwa ndani ya hiari hiyo, na haikuhitaji neno la peke yake. Tanganyika ilipotungiwa sheria ya mipango ya miji na vijiji mwaka 1956, ilifuata mkondo wa Waingereza. Tukarithi viwango vinavyopimwa kwa mita pamoja na hiari isiyo na jina.

Na jambo lisilo na jina haliombwi. Mwenye kufahamiana na ofisa atamweleza hali yake kwa mdomo. Asiyefahamiana na mtu atajenga usiku, au ataacha kujenga.

Vigingi, alama na tegesha

Katika ukanda wa dhahabu tatizo hili linakuwa kali zaidi. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, mwaka 2009. Kila mgodi una leseni, na leseni ina vigingi vinavyoonyesha mipaka yake. Ndani ya vigingi hivyo panaweza kuwa na watu ambao bado wanaikalia ardhi kihalali. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haiwakatazi kulima wala kuchunga, maadamu hawauingilii uchimbaji. Lakini inawataka wapate ridhaa ya mwenye leseni kabla ya kusimamisha jengo katika eneo la mgodi. Ikiwa ridhaa hiyo inazuiwa bila ya sababu ya haki, mamlaka ya serikali yaweza kuitoa.

Tazama jinsi neno lilivyo na uzito hapa. Kibali hutoka juu, kwa mwenye mamlaka. Ridhaa hutoka upande, kwa mwenye maslahi yanayoguswa: jirani, mume, mke, au kampuni. Mtafsiri akiandika kibali cha kampuni mahali pa ridhaa ya kampuni, ameipandisha kampuni cheo cha serikali kwa neno moja. Mwanakijiji atakayesoma ataamini kwamba kampuni ikikataa, shauri limekwisha, wala hatajua kwamba sheria imemwachia mlango wa pili.

Ukanda huu wa Ziwa umezaa pia neno ambalo halikutoka katika kamati yoyote. Huko Nyamongo, wilayani Tarime, nyumba zilizojengwa na mazao yaliyopandwa harakaharaka kwa kungojea fidia ya mgodi huitwa tegesha. Mzizi wake ni tega, kama atendavyo mwenye mtego. Ni neno zuri kwa muundo wake, fupi na lenye picha, nalo limekwisha kuingia katika taarifa za ofisi na magazeti. Lakini ni neno linalohukumu kabla ya kusikiliza. Chumba kilichoongezwa kwa ajili ya mtoto aliyeoa, na chumba kilichoongezwa kwa ajili ya mthamini, huonekana sawa kwa macho. Kikiitwa nyongeza, mwenyewe anatazamiwa kupata ile fidia kamili, ya haki na ya haraka ambayo Sheria ya Ardhi imeiahidi. Kikiitwa tegesha, hapati kitu. Kwa kuwa hakuna hati inayoonyesha kwamba nyongeza iliombwa kwa wakati wake na kwa sababu fulani, neno la dharau ndilo linalobaki kuwa ushahidi.

Kwenye barabara kuu lugha imepungua hata ikawa herufi moja. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na nyumba zilizotangulia upanuzi huo zikajikuta ndani. Mwananchi husema nyumba yake "imepigwa X". Rangi nyekundu yamaanisha aondoke bila fidia. Ya kijani, kwamba anastahili kulipwa. Tofauti kati ya aliyevunja kanuni na aliyekutwa na kanuni, ambayo ndiyo kiini cha haki katika jambo hili, imeachiwa rangi ya ukutani.

Udhuru wa kiwanja

Ni neno gani basi lafaa? Tumesikia msamaha wa kanuni. Halifai, kwani anayesamehewa amekwisha kukosa, na huyu anaomba kabla ya kujenga. Wengine husema ruhusa maalumu. Hilo halielezi umaalumu wenyewe ni upi, nalo limekwisha kutumika kwa mambo mengi. Upendeleo ni hatari kabisa, kwani ndilo jina la kosa linalopaswa kuepukwa. Ukiukaji ulioruhusiwa unajipinga wenyewe. Ulegezaji wa kanuni ni afadhali, kwa kuwa kanuni inabaki, imelegezwa tu. Ila halisemi kwa nini imelegezwa.

Sisi tunapendekeza udhuru. Neno hili lina asili ya Kiarabu, lakini hapana mtumishi wala mwalimu asiyelitumia. Katika kumbukumbu za mikutano tunaandika majina ya waliotoa udhuru. Mwenye udhuru hafutwi katika orodha ya wajumbe, wala akidi ya mkutano haibadilishwi kwa ajili yake. Ametoa sababu ya kweli, imepokewa, na imeandikwa. Ndivyo ilivyo idhini tunayoizungumzia. Kuiita idhini ya udhuru kunambana mwombaji aonyeshe sababu, na kunamlazimu ofisa aiandike.

Tunaongeza sharti moja: udhuru uwe wa kiwanja, usiwe wa mtu. Korongo, mwamba, mpaka uliopindika au ramani iliyokuja baada ya nyumba ni udhuru wa kiwanja, na yeyote atakayemiliki hapo atakutana nao. Umaskini, cheo au ujamaa na diwani si udhuru wa kiwanja. Mpaka huu ukiingizwa katika neno lenyewe, hata asiyesoma sheria ataweza kuuliza swali linalostahili: huyu aliyeruhusiwa, udhuru wa kiwanja chake ni upi?

Kwa hiyo tunapendekeza mgawanyo huu kwa wafasiri wa kanuni na sheria ndogo. Kibali kiwe hati ya mamlaka kwa jambo linalotimiza masharti. Ridhaa iwe kukubali kwa mwenye maslahi yanayoguswa. Idhini ya udhuru iwe uamuzi wa mamlaka kumwachilia mwombaji sharti moja, katika kiwanja kimoja, kwa sababu iliyoandikwa. Badiliko la matumizi libaki kama lilivyo. Walimu wa uraia waweza kuyafundisha maneno haya manne kwa kipindi kimoja, kwa mfano wa chumba kimoja cha uani.

Neno peke yake halijengi chumba, wala halimzuii ofisa asiyetaka kutenda haki. Lakini ngitili ilidumu kwa sababu ilikuwa na jina, na kwa sababu shauri lake lilisemwa hadharani mbele ya dagashida. Mwananchi wa Geita au Kahama naye anastahili kulijua jina la kile anachokiomba, ili akinyimwa ajue amenyimwa nini, na aweze kukidai kwa jina lake.